DaVinci Resolve (programu ya kuediti video) ya bure kwa ile mistari myeusi ya sinema, nimeipiga kazi kwenye harusi huku Mbeya

Wakuu, sisi tunaoediti harusi na sendofu huku Mbeya tunajua, kila mteja sa hivi anataka "ile ya kisinema", yaani mistari myeusi juu na chini. Miaka yote nilikuwa naiweka kwa picha ya PNG, naitandaza juu ya video nzima ya saa mbili, sasa ukikata klipu moja katikati na yenyewe inakatika, inabaki pengo, unaanza tena kuunga.

Kwa Resolve hiyo shida imeisha. Unaenda menyu ya Timeline, halafu Output Blanking, unachagua 2.35 au 2.39 (yaani upana wa picha ni mara ngapi ya kimo chake), basi, video yote imekaa. Ukighairi unaitoa hapohapo, na hujalipa hata mia.

Ila iwekeni MWANZONI kabla ya kukata chochote, hapa nasisitiza. Kwenye video ya 1920 kwa 1080 hiyo 2.39 inakula kama pikseli 138 juu na 138 chini, yaani robo nzima ya picha imeondoka. Nilishuti harusi Tukuyu, mama wa bibi harusi kasimama mbele ya mashamba ya chai, kilemba chake cha kitenge kimegusa juu kabisa ya fremu, mi nikaja kuweka mistari mwisho kabisa usiku nikaekspoti nikalala. Kesho yake tunaangalia kwenye TV sebuleni kwao, mama anaanzia kwenye nyusi. Aisee iliniuma, kile kilemba alifungwa na dada zake watatu, kila mmoja anavuta upande wake. Nikarudi nikabonyeza ile klipu, kule Inspector (paneli ya mipangilio ya klipu) nikashusha picha kwa Position Y, mistari yenyewe haisogei, kilemba hicho kikarudi chote. Hapo ndo niliipenda hii programu kwa kweli.

Kitu kingine, Output Blanking inafunika mpaka maandishi, kwa hiyo ukitaka majina ya maharusi yakae ndani ya weusi wa chini, au mistari ijifunge taratibu bibi harusi anapoingia ukumbini, tumia Adjustment Clip (klipu tupu unayoiweka juu ya video, ukiibadilisha hiyo na zilizo chini yake zinabadilika), ikropu juu na chini, majina yaweke treki ya juu yake.

Ni nzito lakini, watengenezaji wenyewe wanashauri RAM ya GB 16, na kuidanlodi ni GB kadhaa so jipangeni na bando.

Ya kurusha status naifungulia taimlaini yake ya 1080 kwa 1920 bila mistari kabisa, maana simu ikiwa wima ile 2.39 inabaki kamkanda kembamba katikati, sura ya bibi harusi huioni.