Asubuhi bara, usiku kwako: safari za treni za siku moja kutoka Dar, kuanzia inayolipa zaidi

Shule zikifungwa Juni na kipupwe kikapunguza jasho la jiji, swali la nyumbani huwa lilelile: watoto tuwapeleke wapi? Zamani jibu lilikuwa Coco Beach, au Bagamoyo kwa mwenye gari. Siku hizi kuna reli. Treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro Juni 14, 2024, ikafika Dodoma Julai 25 mwaka huohuo, na tangu hapo mtu anaweza kunywa chai Gerezani, ilipo stesheni ya Dar, akala mchana bara, na bado akalala kitandani kwake.

Safari hizi nimezipanga kwa kile siku itakachokulipa, na cha kwanza kupima ni hiki: utapata saa ngapi za kuzunguka kabla treni ya mwisho ya kurudi haijaondoka. Ndiyo maana tiketi ya kutafuta kwanza ni ya kurudi. Ukiikosa hiyo, ya kwenda achana nayo. Nauli ninazotaja ni za treni ya kawaida kama LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, ilivyozitangaza mwaka 2024, kwa mtu mzima, kwenda tu. Mtoto wa miaka 4 hadi 12 hulipa nusu.

1. Morogoro, Sh 13,000

Hii haina mpinzani. Kwa basi, siku foleni ikikolea, saa mbili zinaweza kuisha hujaiacha Mlandizi. Kwa treni muda huohuo unatosha kukufikisha Moro. Baba, mama na watoto wawili wa umri wa nusu nauli, kwenda na kurudi, ni Sh 78,000.

Panda ya alfajiri. Ukipata nafasi ya kuchagua kiti, chukua dirisha la mkono wa kushoto wa treni inapoelekea bara, kwa sababu milima ya Uluguru iko upande huo. Ukishapita Ngerengere inaanza kuonekana kama wingu lililokaa chini, halafu mabonde yanajichora moja moja. Jioni ukirudi, milima itakuwa kulia.

Stesheni iko Kihonda, nje kidogo ya katikati ya mji. Bajaji na bodaboda zipo, ila patana kabla hujakaa. Dereva akijua umeshuka kwenye treni ya Dar atakutajia bei ya Dar.

Mwenye miguu mizuri aende Morningside, nyumba ya Wajerumani iliyojengwa mlimani mwaka 1911. Njia inapandisha kando ya vijito na vishamba vilivyong'ang'ania mteremko, na muda wote unapishana na akina mama wanaoshuka sokoni, beseni kichwani limejaa karoti, ndizi au majani ya maboga, nao hata hawahemi. Stroberi zikiwepo, nunua hukohuko juu. Chukua mtu wa kukuongoza kutoka mjini, na uhesabu saa mbili mpaka tatu za kupanda tu. Aliyetoka Dar na treni ya mchana asahau mlima.

Asiyetaka kupanda ana Rock Garden pale chini ya mlima, ana Soko Kuu la Chifu Kingalu, na ana Mazimbu. Mazimbu ndipo ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, ilipoanzisha shule ya vijana wa Afrika Kusini waliokimbia ubaguzi mwishoni mwa miaka ya 1970. Leo ni kampasi ya SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, yenye jina la Solomon Mahlangu, na makaburi ya waliofia ugenini bado yapo. Kijana wa sekondari anayesoma historia kwa kukariri, mpeleke. Mji kasoro bahari, wanasema wenyewe, na kwa siku moja bahari hutaikumbuka.

2. Pugu, Sh 1,000

Naiweka ya pili kwa ajili ya wenye watoto wadogo, ambao wanachotaka ni kupanda treni, basi. Elfu moja! Hakikisha tu treni uliyochagua inasimama hapo, maana ya haraka haisimami. Ukishuka, tafuta bodaboda hadi hifadhi ya msitu ya Pugu-Kazimzumbwi, iliyo chini ya TFS, wakala wa misitu wa serikali. Kuna njia za kutembea, na kuna machimbo ya zamani ya kaolini yenye mapango ya popo. Shule ya Pugu, alikofundisha Mwalimu Nyerere kabla ya kuacha ualimu mwaka 1955, iko upande huohuo. Beba chakula na maji.

3. Dodoma, Sh 31,000

Inawezekana, lakini kwenda na kurudi utakaa kitini karibu saa saba au zaidi, na familia niliyoitaja hapo juu italipa Sh 186,000. Inunue kama unachopenda ni njia yenyewe. Ukiipita Kilosa treni inaingia kwenye mahandaki manne yanayopita ndani ya milima, eneo ambalo reli ya zamani ilifuata Mto Mkondoa na kusombwa na mafuriko mara kwa mara. Baada ya hapo nchi inakauka, mibuyu inaanza.

Ukifika, zabibu, nyama choma, mzunguko wa Nyerere Square, muda umekwisha. Agosti ni bora kidogo kwa kuwa kuna zabibu za msimu wa pili, lakini karibu na Nanenane viti hugombaniwa. Mchongoko, ile treni ya haraka yenye pua iliyochongoka, ilitangazwa mwaka 2024 na daraja la biashara kwa Sh 70,000 na la juu kabisa kwa Sh 120,000. Kwa safari ya kikazi sawa. Kwa matembezi ya siku moja, pesa hiyo ikale nyama.

4. Kilosa, Sh 18,000

Hapa wengi hunasa. Wanasikia mahandaki ya Kilosa, wanakata tiketi ya Kilosa, wanashuka kabla ya kuyaona. Labda uwe na ndugu huko.

Soga (4,000) na Ruvu (5,000) ni za mwenye mwenyeji au shamba. Ngerengere (9,000) ni eneo la kambi za jeshi, kwa hiyo simu ya kupigia picha ibaki mfukoni.

Tiketi utakata kwenye mtandao wa TRC, Shirika la Reli, au dirishani. Ukipewa namba ya malipo, lipa kwa simu palepale usije ukanyang'anywa kiti. Jina la kwenye tiketi lilingane na la kitambulisho, na ufike stesheni mapema: kuna ukaguzi wa mizigo, na treni haimsubiri mtu. Kituo cha mwendokasi cha Gerezani kiko karibu.

TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, sijaiweka kwenye orodha. Ni reli nzuri, kilomita 1,860 mpaka Kapiri Mposhi, na inakata pembezoni mwa wanyama wa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, lakini hiyo mtu huiombea likizo.