TAHADHARI: Mashine za mlimani zilizochoka zinauzwa kama pikipiki za theluji za safari ndefu

Kama unatafuta pikipiki ya theluji ya kwenda nayo mbali, kilomita 200 au 300 kwa siku kwenye njia zilizosawazishwa, soma tangazo hili hadi mwisho kabla hujatuma hata senti. Kuna wauzaji wanaochukua mashine iliyotengenezwa kupanda milima yenye theluji laini, tena iliyokwisha kazi, wanaifunga kioo kirefu cha mbele, begi la nyuma na kiti cha mtu wa pili, kisha wanaitangaza: "Ya safari ndefu, imetumika kidogo, mguu wako tu." Picha zinavutia kweli. Mzoefu akiitupia jicho anaitambua. Anayenunua mara ya kwanza anaingizwa mjini mchana kweupe.

Anza na treki, yaani ule mkanda mpana wa mpira unaozunguka chini na kusukuma mashine. Mashine ya njia, yaani iliyotengenezwa kwa njia hizo ngumu zilizosawazishwa, huwa na treki ya urefu wa inchi 129 au 137, na meno ya inchi 1 hadi 1.5. Ya mlimani ina inchi 154, 165 au zaidi, na meno ya inchi 2.5 hadi 3. Meno marefu hivyo kazi yake ni kuchota theluji laini kama jembe. Kwenye njia ngumu yanapinda kila yanapogusa chini, yanapata moto, yanaanza kuchanika shinani, na mengine yanang'oka kabisa. Wapo wauzaji wanaoyakata yafanane na ya njia. Pitisha kidole juu ya jino: lililotoka kiwandani lina ukingo laini wa kalibu, lililokatwa lina uso mkavu wenye mikwaruzo ya kisu, na urefu hutofautiana kati ya jino na jino.

Muuzaji akikwambia treki ni ya 137, usibishane naye. Hesabu. Weka alama ya chaki kwenye dirisha moja la treki, lile tundu linalojirudia kwa safu, zungusha taratibu kwa mkono ukihesabu hadi urudi kwenye alama. Kisha pima kutoka ukingo wa dirisha moja hadi ukingo uleule wa linalofuata. Madirisha 48 yenye nafasi ya milimita 73 ni treki ya 137. Madirisha 45 yenye nafasi hiyohiyo ni ya 129. Lakini madirisha 47 yenye nafasi ya milimita 89 ni treki ya 165, ya mlimani kabisa. Ndiyo maana anayekutumia idadi peke yake, bila kipimo cha nafasi, hajakwambia kitu.

Kipimo cha pili ni cha dakika moja, na ni cha skii, yaani vile vibao viwili vya mbele vinavyoteleza na kuiongoza mashine: katikati ya skii ya kushoto hadi katikati ya skii ya kulia. Mashine ya njia huwa na takriban sentimita 107 hadi 109. Ya mlimani hukaa kwenye 89 hadi 97, kwa makusudi, ili dereva aweze kuilaza ubavu kwenye mteremko. Wembamba huo kwenye kona ya njia ngumu, ukiwa na abiria na mzigo nyuma, ndio unaoinua skii ya ndani na kumwaga watu. Hakuna kioo kirefu kitakachobadilisha hilo.

Sasa joto, na hapa ndipo hasara kubwa ilipo. Rejeta za mashine nyingi hizi ni mabamba ya aluminiamu yaliyofungwa chini ya kiti, juu ya treki. Treki inarusha theluji, theluji inagonga bamba, maji ya injini yanapoa. Theluji hiyohiyo inalainisha na kupoza plastiki ndefu zilizo chini ya reli za ndani ya treki, ambazo klipu za chuma za treki zinateleza juu yake. Mashine ya mlimani imepangwa kwa mazingira ya theluji laini tele. Ipeleke kwenye njia ngumu iliyoganda, na baada ya kilomita chache taa ya joto inawaka, kisha plastiki zinaanza kuyeyuka. Kwa hiyo lala chini na tochi uangalie klipu. Ukiona michirizi ya plastiki iliyoyeyuka ikagandia chuma, mashine hiyo imeshakimbizwa mahali isipostahili, hata kama plastiki zenyewe ni mpya. Vikwaruzo vya barafu, vile vijiti vya springi vinavyochimba barafu ili vumbi lake lipoze, vinasaidia sana na hata mashine ya njia inavihitaji, ila haviigeuzi ya mlimani kuwa ya njia.

Ukiwa bado chini, angalia rejeta zenyewe. Treki iliyowahi kufungwa misumari ya kushika barafu bila kinga huacha mikwaruzo mirefu kwenye aluminiamu, na mkwaruzo mmoja ukipenya, maji yote yanamwagika ukiwa porini. Harufu tamu au matone ya kijani au waridi yanatosha kukufanya uondoke.

Jambo moja linalosahaulika ni klachi. Mashine iliyotoka milimani huwa imefungwa vyuma vyepesi ndani ya klachi ya mbele, kwa sababu juu huko hewa ni nyepesi na injini ina nguvu kidogo. Ishushe sehemu za chini bila kubadilisha vyuma hivyo, injini inapata hewa nyingi, inapanda mizunguko kupita kiwango, na inaharibika. Muulize muuzaji mashine ilikuwa inaendeshwa kwenye mwinuko wa mita ngapi na klachi imepangwa kwa mwinuko gani. Anayeijua mashine yake atajibu hapohapo.

Tuseme ukweli pia: zipo mashine za kati, treki ya 146 na meno ya karibu inchi 1.6 hadi 2, na kwa mtu anayechanganya njia na theluji laini ni chaguo zuri tu. Akikuuzia kwa jina lake hilo, hajakosa. Tunachokemea ni kubadilisha jina.

Kiti cha abiria nacho ni mtego. Mashine ya watu wawili inatoka kiwandani na chesi, springi na shokapu za kubeba watu wawili. Kiti cha kubandika juu ya mashine ya mtu mmoja yenye treki ya 121 au 129 kinaweka uzito wote nyuma, skii zinakuwa nyepesi, na usukani hausikii. Angalia boliti za kiti: matundu yaliyotobolewa kwa drili bila rangi ya kiwandani pembeni yanaonyesha kuwa kimeongezwa baadaye.

Sasa kilomita. Dashibodi inaweza kubadilishwa nzima ikawekwa ya mashine nyingine, kwa hiyo namba unayoiona si ushahidi. Mashine nyingi za kisasa zinahifadhi saa za injini kwenye kompyuta yake, na wakala wa chapa husika anaweza kuzisoma kwa kifaa chake. Omba zisomwe, kisha gawanya kilomita kwa saa. Mashine ya njia ya kawaida inatoa wastani wa kilomita 30 hadi 50 kwa saa. Dashibodi ikisema kilomita 3,000 na kompyuta ikisema saa 400, wastani ni 7.5. Hapo ama dashibodi imebadilishwa, ama mashine imefanya kazi ya kuvuta mizigo. Vyote viwili unatakiwa kuambiwa kabla ya bei.

Mwili nao unasema. Kanyagio zilizoisha rangi hadi chuma kinang'aa, kishikio cha kamba ya kuwashia kilicholika, magurudumu madogo ya chini yanayocheza ukiyatikisa, diski ya breki yenye mifereji: hivi haviendani na "imetumika kidogo". Fungua kifuniko cha klachi. Belti, yaani mkanda unaounganisha klachi ya mbele na ya nyuma, ikiwa mpya juu ya sahani za klachi zenye mifereji imewekwa kwa ajili yako siku ya kuja kutazama, na haitadumu. Soma namba iliyochapishwa kwenye belti, ilinganishe na kitabu cha mashine, maana belti isiyo yake huteleza na kuungua. Kwa safari ndefu mashine lazima iuzwe na belti ya akiba.

Ukifika kwa muuzaji, kabla ya salamu kuisha, shika bomba la moshi kwa uangalifu. Likiwa na joto, mashine imewashwa kabla hujaja, na kuna sababu. Mwambie utarudi ikiwa imepoa. Injini ya mipigo miwili, ile inayochoma oili pamoja na petroli, ikiwa na afya inawaka baridi kwa mivuto michache na inatoa moshi kidogo mwanzoni. Baada ya hapo pima kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, kwa geji: injini iwe na uvuguvugu, plagi zote nje, umeme wa plagi umekatwa, wenzo wa petroli umebanwa hadi mwisho, vuta kamba mara 5 au 6 mpaka mshale wa geji usimame. Namba yenyewe inategemea injini, ila silinda mbili zikipishana zaidi ya asilimia 10 kuna pistoni, ringi au silinda inayokwisha. Muuzaji anayekataa geji ameshakujibu.

Usikubali pia hoja ya "hakuna theluji, haiwezi kuwashwa." Inaweza. Nyuma inanyanyuliwa kwenye stendi imara, injini inawashwa kwa dakika moja au mbili, treki inazungushwa polepole. Asisimame mtu nyuma yake, maana jiwe au msumari ukichomoka unaua. Kisichowezekana ni kuikimbiza kwenye lami au kuiacha inguruma muda mrefu bila kupoa.

Mashine zilizozama ziwani ni nyingi kuliko watu wanavyodhani. Mashine ya namna hiyo huoshwa, hukaushwa, na hung'arishwa kuliko mpya. Tafuta matope laini kwenye pembe za sahani ya chini ya injini, alama ya maji ndani ya taa ya mbele, kutu ya kijani kwenye soketi za umeme, na oili ya kasha la mnyororo iliyogeuka rangi ya maziwa. Ya ajali utaijua kwa mikunjo pale kiunzi cha nyuma kinapoungana na cha mbele, ribiti zilizolegea zenye vumbi jeusi kuzizunguka, na mikono ya skii isiyolingana.

Karatasi. Namba ya chesi ya mashine za kisasa ina tarakimu na herufi 17, na kwa kawaida imepigwa upande wa kulia wa kiunzi, karibu na kanyagio. Ya 10 ni mwaka wa toleo: J ni 2018, K ni 2019, L ni 2020, M ni 2021, N ni 2022. Herufi I, O na Q hazitumiki kabisa, kwa hiyo ukiziona kwenye namba uliyotumiwa, imetungwa. Pima kwa kidole kama eneo limesagwa au limebandikwa kibati. Baadhi ya majimbo ya Marekani hayatoi hati ya umiliki ya pikipiki ya theluji, yanatoa usajili tu, na hapo ndipo ya wizi na ya mkopo zinapojificha. Kanada, rejista za madeni za mikoa zinatafutwa kwa namba ya chesi. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na kunyang'anywa mashine. Ski-Doo (moja ya chapa za pikipiki za theluji) inayotumia DESS, yaani ufunguo wa kielektroniki unaotambuliwa na kompyuta ya mashine, ikiwa haina ufunguo wake, ukiambiwa "umepotea tu", iache mpaka wakala athibitishe mmiliki.

Kuna pia wasio na mashine kabisa. Picha zimeokotwa, mashine "iko mkoa wa mbali", mwenyewe yuko safarini, usafirishaji utafanywa na kampuni anayoijua yeye, na pesa zitashikwa na mtu wa kati anayemjua yeye. Tovuti ya huyo mtu wa kati ni yake mwenyewe. Omba video ya moja kwa moja: karatasi yenye tarehe ya leo karibu na namba ya chesi, na bila kukata, kamera iende hadi kwenye dashibodi na injini iwashwe. Usitoe arubuni kabla ya hapo. Ukitoa, iwe kwa risiti iliyotiwa saini, yenye namba ya chesi na sharti kwamba inarudi mashine isipokuwa ilivyoelezwa.

Angalia vilevile haraka anayokutia. Yamaha ilitangaza mwaka 2023 kuwa inaacha kutengeneza pikipiki za theluji, na toleo la 2025 ndilo la mwisho kwa Amerika ya Kaskazini, kwa hiyo zake za mipigo minne zilizotumika zinatafutwa na watu wa safari ndefu. Hoja ya "hazitengenezwi tena" ni ya kweli, lakini haisemi lolote kuhusu hali ya hiyo moja anayokuuzia.

Kama umeshatuma pesa na simu haipokelewi, piga benki kwanza, saa hiyohiyo, uombe malipo yazuiwe. Kisha hifadhi tangazo, picha, namba ya akaunti na mazungumzo yote kabla hayajafutwa, upeleke polisi pamoja na namba ya chesi uliyopewa, hata kama unaamini imetungwa. Huenda ni namba ya mashine halisi iliyoibwa, na mwenyewe anaitafuta.