Kupima kuku wazazi maabara: kipimo safi, bei inatubana wadogo

Nauza vifaranga wa kienyeji hapa Morogoro, kwa mashine ndogo ya kutotolesha na wazazi wasiofika arobaini. Wateja huniuliza, "Dada, hawa hawana ule mharo mweupe?" Nilitaka jibu la uhakika, nikapeleka wazazi maabara ya mifugo kupimwa pulorum, ndio huo mharo mweupe, na homa ya matumbo ya kuku.

Kazi yao naisifu. Mtaalamu alichoma mshipa wa bawa, akachanganya tone la damu na dawa ya kupimia ya rangi ya zambarau juu ya kibao cheupe, akakitikisa taratibu. Ndani ya dakika 2 jibu unaliona kwa macho yako: damu ikijikusanya vipunje vipunje, huyo kuku ni wa kutiliwa shaka. Akanieleza kwamba tetea mwenye ugonjwa huu anaweza kunenepa na kutaga vizuri tu, huku akiwaambukiza vifaranga wangali ndani ya yai. Antibiotiki hupunguza vifo lakini hazimsafishi. Matetea wangu wawili walionyesha vipunje. Kuthibitisha kwa kuotesha bakteria kunalipiwa kivyake, nikaona bora niwatoe kundini.

Bei ndiyo inayoniuma. Kila kuku analipiwa peke yake, na kwa mmoja nililipa sawa na vifaranga wangu wawili wa siku moja, bado bajaji ya kubeba matenga. Mwenye shamba kubwa gharama hiyo anaitawanya kwenye maelfu ya vifaranga. Mimi naibebesha trei chache za mayai. Wangetenga siku ya vikundi, mtaalamu aje mtaani atupimie wafugaji kadhaa kwa pamoja, wengi wangepima. Sasa hivi majirani zangu wanauza bila kupima, na siwalaumu.

Jueni pia kwamba cheti cha maabara si kibali. Kusafirisha kuku kwenda wilaya nyingine bado unamhitaji afisa mifugo akuandikie kibali, nacho kina malipo yake. Wala kipimo hiki hakigusi ugonjwa wa mdondo (kideri). Huo ni chanjo, ile ya tone la jicho kila baada ya miezi 3.

Nawapa nyota 4 kati ya 5. Pigeni simu kwanza kuuliza kama dawa ya kupimia ipo, na pelekeni kuku waliotimiza miezi 4, maana majibu ya wadogo hayaaminiki.