Karatasi za Kichina kwa Kolaji: Ipi Ununue Kwanza

Wengi huchagua karatasi za Kichina za kolaji, yaani picha ya vipande vilivyobandikwa, kwa kuziangalia zikiwa kavu, na zikiwa kavu zote zinapendeza. Ukipaka gundi ndipo unapojua umenunua nini: moja inatanuka na kutulia, nyingine inageuka uji mkononi, nyingine inachuja rangi kazi nzima. Kwa hiyo hapa tumezipanga kwa jinsi zinavyofaa kubandikwa kwa gundi.

1. Xuan isiyotiwa shabu (shengxuan)

Anza na hii. Xuan ni karatasi ya Kichina ya kuandikia na kuchorea kwa brashi, na shabu ni chumvi inayotiwa ili wino usisambae. Asili yake ni Jingxian, mkoani Anhui, ambako hutengenezwa kwa magome ya mti wa qingtan na mabua ya mpunga. UNESCO iliuingiza ufundi huo katika orodha yake ya urithi mwaka 2009. Nyuzi ndefu za gome ndizo zinazoifanya isikatike ikilowa, ingawa ni nyembamba. Madaraja ni matatu: mianliao (gome takriban asilimia 40), jingpi (60) na tejingpi (80). Chukua jingpi ya tabaka moja, sentimita 69 kwa 138. Tejingpi ni nzuri, ila unalipia uimara ambao kazi iliyobandikwa kwenye karatasi nzito haiuhitaji. Bunda kamili ni karatasi 100. Ukipata wa kukuuzia kumi tu, zinatosha kuanzia.

Ukitaka ukingo wenye nyuzi, weka mkasi kando. Chora mstari kwa brashi yenye maji, subiri sekunde chache, vuta pande mbili taratibu. Nyuzi hizo zikilala juu ya tabaka jingine, kiungo hakionekani.

Bandia zimejaa: karatasi ya mashini, ya rojo la mbao, huuzwa kwa jina la Xuan. Dondosha tone la wino. Kwenye halisi hutawanyika kwa duara linalofifia polepole kuelekea nje. Kwenye bandia rangi hubaki bapa. Kisha lowesha kipande chenye upana wa kidole, ukivute. Kikikatika papo hapo, achana nayo.

2. Karatasi ya mforosadi (yunlong)

Ni imara sana, nyuzi zake zinaonekana kwa macho. Tatizo ni hizo nyuzi nene: hazilali vizuri, na zikiwa nyingi zinameza picha. Itumie tabaka la juu tu.

3. Hariri

Ibandike kwanza kwenye Xuan, ikauke, ndipo uikate. Bila hivyo inafumuka ukingoni. Gundi iwe nzito, kwani nyepesi hupenya na kuacha doa usoni.

4. Xuan iliyotiwa shabu (shuxuan)

Inafaa kwa michoro ya mistari myembamba. Kwa kolaji, gundi haiingii vizuri na pembe hubanduka. Shabu nayo ina asidi, hivyo baada ya miaka mingi karatasi hukauka na kuvunjika.

5. Karatasi zinazochomwa kwa ajili ya wafu

Bei ni ndogo na mng'ao unavutia. Lakini "dhahabu" yake mara nyingi ni bati lililopakwa rangi ya manjano, na karatasi ya mianzi iliyo chini yake hubadilika rangi. Tena hizi ni sadaka kwa marehemu. Si kila Mchina atafurahi kuziona ukutani sebuleni.

Karatasi nyekundu, ya aina yoyote, ibonyeze kwa pamba nyeupe yenye maji kwa dakika moja. Pamba ikipata rangi, usiibandike karibu na sehemu nyeupe.

Gundi na kitako

Nunua wanga wa ngano, usinunue unga: protini ya unga huvutia wadudu. Kipimo kimoja cha wanga kwa vinne vya maji, koroga kwenye moto mdogo hadi kiwe kizito na king'avu, acha kipoe, chuja. Kwa Xuan, ongeza maji hadi kiwe kama maziwa.

Kitako, yaani karatasi nzito ya kubandikia, kiwe cha gramu 300 kwa mita ya mraba. Karatasi ikikauka hujikunja na kukipindisha, kwa hiyo bandika Xuan nyuma pia. Paka kutoka katikati kwenda nje ili viputo vitoke, na kausha chini ya ubao mzito, katikati ya karatasi za kunyonya maji, ukizibadilisha zikilowa.