Revolva ya kwanza: ndogo nyepesi au ya chuma yenye uzito?

Anayenunua revolva (bastola ya silinda inayozunguka) kwa mara ya kwanza huvutiwa na ile ndogo. Smith & Wesson 642, kwa mfano, ina uzito wa gramu 400 na kitu tu, silinda ya risasi 5 za .38 Special, na mtutu usiofika hata sentimita 5. Inaingia mfukoni bila shida. Kazi iko kwenye kuipiga. Wepesi huo ndio unaoipa teke kali, yaani msukumo wa kurudi nyuma; risasi ya tano ikitoka, kiganja kinawaka na jicho limeshaanza kufumba kabla ya mlio. Nyundo, kipande kinachofyatua risasi, imefichwa ndani na huwezi kuivuta kwanza kwa kidole, kwa hiyo kila mara unavuta triga ndefu na nzito, na mdomo wa bastola unayumba.

Ile ya chuma yenye uzito, kama Ruger GP100 ya mtutu wa sentimita 10 hivi, inapita kilo moja. Kuibeba kutwa nzima kiunoni ni adhabu, sikatai. Lakini uzito unameza teke, kishikio kinajaza mkono, na nyundo unaweza kuivuta kwa dole gumba ili triga iwe laini. Inabeba risasi 6 za .357 Magnum, na inakubali pia .38 Special zenye nguvu ndogo. (Kinyume chake hakiwezekani: .357 haiingii kwenye bastola ya .38, ni ndefu zaidi.)

Mimi ningeanza na ile nzito, nijifunze kulenga kwa .38. Hiyo ndogo inafaa mkono uliokwisha kuzoea, ingawa wauzaji hupenda kumpa mgeni.