Kasuku mwenye upungufu wa kalsiamu: familia au kituo cha ndege waliookolewa?

Kasuku wa kijivu aliyeokolewa baada ya kulishwa mbegu za alizeti tupu mara nyingi huja na upungufu wa kalsiamu: hutetemeka, huanguka kutoka kijitini, hata hupata degedege. Usimpe mtu kwa sababu tu ana tundu kubwa.

Kwa familia, faida kubwa ni uangalizi. Mtu mmoja anampima kila asubuhi kabla hajala, kwa mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja. Mkubwa huwa na gramu 400 hivi. Akipungua gramu 40, mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo, maana manyoya huficha kukonda. Hatari iko jikoni: moshi wa kikaango kisichoshika chakula, kikipata moto kupita kiasi, humuua kwa dakika chache. Jua la dirishani nalo halimsaidii, kwa kuwa kioo huzuia miale inayotengeneza vitamini D, ambayo mwili huihitaji ili kufyonza kalsiamu. Tundu litolewe nje, liwe na upande wenye kivuli.

Kituo kina jua, nafasi na kasuku wenzake, jambo linalomfaa sana anayejinyonyoa kwa upweke. Ila penye ndege wengi dozi ya dawa ya mmoja hukosewa kirahisi, na mgonjwa husukumwa mbali na chakula. Kabla ya kuingia apimwe virusi vya mdomo na manyoya, akae karantini angalau siku 30. Akikutwa navyo, asichanganywe na wengine kabisa.

Mwenye degedege tungempeleka kwa familia. Kwa Kenya, hakikisha kwanza wana kibali cha KWS, Shirika la Wanyamapori la Kenya. Spishi hii iko Kiambatisho cha I cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya spishi zilizo hatarini, tangu 2017; hicho ndicho chenye ulinzi mkali zaidi.