Shule tatu za serikali Busia kijijini: nilivyomtafutia binti yangu nafasi ya S.1 (kidato cha kwanza)

Matokeo ya P.7, yaani darasa la saba, yakitoka, huku kwetu swali ni moja tu: shule gani inafaulisha? Na mimi niliuliza hivyo kwa kijana wangu wa kwanza, na nilikosea. Zamu ya binti yangu ilipofika niliuliza maswali mengine.

Tunaishi wilaya ya Busia, upande wa Uganda, ndani kidogo ukitoka njia ya Lumino kwenda Majanji. Shule za serikali ninazozimudu ni tatu. Moja iko karibu na mji, kila mtu anaijua. Ya pili ni ya zamani, ilianzishwa na kanisa na serikali inalipa walimu. Ya tatu ni mojawapo ya hizi tunazoziita "seed", zilizojengwa kwenye sabukaunti ambazo hazikuwa na sekondari ya serikali.

Ile ya mjini naijua kwa uchungu. Kijana wangu alikuwa kwenye kundi la kwanza la mtaala mpya, walioanza S.1 mwaka 2020, korona ikawafungia, wakafanya UCE, mtihani wa kidato cha nne, mwaka 2024. Katika mtaala huu asilimia 20 ya alama zinatoka kwa kazi anazofanya mtoto shuleni, na 80 kwa mtihani wa UNEB, baraza la mitihani la taifa. Darasa lake lilikuwa na watoto zaidi ya mia. Mwalimu mmoja atasahihisha vipi miradi ya watoto mia? Alikuwa akirudi nyumbani na kazi ileile aliyoikabidhi wiki tatu nyuma, haina hata alama ya kalamu nyekundu. Shule ina jina, lakini jina halikumsomea mwanangu kazi yake.

Kwa binti yangu basi nilitembea. Nilichagua Jumanne, saa nane mchana, bila kumwarifu mtu. Asubuhi kila shule inapendeza. Baada ya chakula cha mchana ndipo unaona ni walimu wangapi wamebaki.

Shule ya kanisa nusura inichukue moyo. Mabati yana kutu, madawati yamechorwa majina ya watoto ambao sasa ni wazazi. Lakini nyuma ya darasa nilimkuta mwalimu wa Baiolojia, mama wa makamo, amewazungusha wanafunzi kwenye shina la muhogo lenye ugonjwa wa batobato. Kila mmoja ameshika jani lake, anachora madoa, anaandika lilivyojikunja. Mwalimu akawauliza: "Kwenu mnalifanyaje shina kama hili?" Mtoto mmoja akajibu kwamba bibi yake huling'oa na kulichoma. Wakaanza kubishana kama inatosha. Nilisimama pale hadi kengele ikalia.

Kilichonishinda ni njia. Kutoka kwangu ni kilomita tisa, na nafasi za bweni zilikuwa zimejaa. Bodaboda ni shilingi 3,000 kwenda na 3,000 kurudi. Muhula wa wiki 12 ni siku 60, kwa hiyo 360,000 za boda peke yake, kabla hujanunua daftari. Na ukikosa pesa siku moja, msichana anarudi kwa miguu giza likiingia. Mzazi mwenye binti anajua ninachosema.

Seed iko kilomita mbili. Naibu mwalimu mkuu alinikaribisha vizuri: "Mama, pita, angalia popote." Maabara ni mpya, meza zinang'aa. Nikafungua bomba, hakuna tone. Hilo lilinivunja moyo kidogo, nikawaza ni majengo tu. Jioni nikapita kwa jirani ambaye binti yake alikuwa S.2 pale, nikamwomba anionyeshe daftari lake la Kemia. Tarehe zilifuatana bila pengo la wiki. Kila ukurasa wa tatu au wa nne una wino mwekundu, na sehemu moja mwalimu ameandika "rudia hapa, kisha nione". Nilipouliza nikaambiwa mwalimu huyo analala palepale, kwenye nyumba za walimu ndani ya uwanja wa shule. Hana boda ya kuwahi, mvua haimzuii. Hapo ndipo nilipoamua.

Ameanza huko 2024 na sijajuta, ila kuna mambo ya kujua. Mpango wa serikali wa USE (elimu ya sekondari kwa wote) tangu 2007 unalipa karo tu. Chakula, yunifomu, rimu ya karatasi na pesa ya PTA (chama cha wazazi na walimu) ni juu yako, na asiyelipa chakula mtoto wake anashinda njaa huku wenzake wakila posho (ugali) na maharagwe. Walimu wa masomo ya sanaa wanakuja na kuondoka. Tangu 2022 wa sayansi mwenye digrii analipwa shilingi milioni nne kwa mwezi na mwenzake wa Historia hafikii hata nusu, kwa hiyo wa Historia anafundisha shule mbili ili alishe watoto wake. Simlaumu, lakini vipindi vinapotea.

Lililoniuma zaidi ni Kiswahili. Mtaala unakifanya lazima S.1 na S.2, na sisi tuko mpakani, ndiyo lugha ya soko letu, lakini muhula mzima wa kwanza hapakuwa na mwalimu. Tulilisimamia kwenye kikao cha wazazi, mara mbili, hadi PTA ikakubali kumlipa kijana mmoja kutoka mjini. Sasa binti yangu ananisahihisha ngeli nikiongea.

Maji bado. Kila Jumatatu anabeba jeriken ya lita tano pamoja na mkoba wake, na mwenyekiti wa PTA ananiona nikija kuuliza kila mwisho wa mwezi.